Tawi Lililosimama Peke Yake

Halmashauri ya Hoikanperä inawatangazia wakazi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, kipimajoto cha gatini kitahamishwa kutoka ukuta wa kusini wa banda la mashua kwenda ukuta wa kaskazini, ili kisidanganywe na jua. Wananchi wanaombwa wawe wavumilivu wakati kazi hiyo ikiendelea.

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa duka. Jua halijaonekana hapa tangu mwezi uanze, na uvumilivu haujapungua.

Saa tatu asubuhi, mwanga unapoanza kutenganisha ziwa na anga, Hilkka Ryynänen amepiga magoti juu ya barafu, mita chache kutoka gati, akivuta wavu kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe. Muikku, samaki wadogo wa ziwani, wanatoka mmoja mmoja, wembamba, weupe kama vijiko vipya. Wanapiga mkia mara mbili tatu, kisha baridi inawakakamaza.

Ana miaka hamsini na tisa. Zaidi ya nusu ya umri huo ameishi kwa samaki hawa, na bei yao dukani imebaki pale pale wakati petroli ikipanda. Halalamiki. Halalamiki kuhusu jambo lolote, na huenda hiyo ndiyo sababu majirani hawajui wamwambie nini.

Kwenye gati amesimama Oiva, kaka wa marehemu mumewe na kiongozi wa kikundi cha wawindaji. Ni mtu mzito mwenye kofia ya manyoya. Hakanyagi barafu.

"Shemeji!" anapaza sauti. "Ikoje huko?"

"Inanibeba."

"Wewe na mimi si uzito mmoja."

"Basi punguza siagi."

Oiva anacheka kidogo. Alichokuja kuuliza hajakiuliza, na wote wawili wanakijua. Msimu wa kuwinda elki, kulungu wakubwa wa misitu ya baridi, unakaribia kufungwa. Msitu wa wawindaji uko ng'ambo ya ziwa, na nyama ya mnyama aliye mkubwa kuliko farasi haibebwi begani kuzunguka ziwa zima kwenye theluji ya kiunoni. Huvushwa juu ya barafu kwa sleji, kigari cha kuburuta kisicho na magurudumu. Ili ivushwe, ni lazima njia iwe imesimikwa matawi.

Mwaka huu matawi hayajasimikwa.

Kazi hiyo ni ya nyumba ya Ryynänen tangu enzi za babu yake Veijo, mume wa Hilkka. Hakuna aliyewapa, na hakuna anayewalipa. Ziwa likishaganda, mwenye nyumba hutoka na mtaimbo, akaipiga barafu kila baada ya hatua kadhaa, na pale inapostahimili mapigo matatu bila kutoa maji husimika tawi la msonobari. Tawi moja lililosimama maana yake ni pita. Matawi mawili yaliyopishana maana yake ni geuka, zunguka, hapa hapabebi. Lugha nzima ina maneno hayo mawili tu, na kijiji kimeizungumza kwa vizazi vitatu bila kutoelewana.

Kuna desturi moja zaidi, ambayo mtu wa nje angeiona ya kawaida mno hata asiulize. Tawi lililoangushwa na upepo husimamishwa tena na yeyote atakayepita, na halipigiwi mtaimbo mara ya pili. Kama lilikuwa pale, basi barafu ile ilikwisha kupimwa. Kuipima tena ni kumwambia aliyetangulia kwamba humwamini.

Mwaka jana theluji iliwahi. Iliangukia barafu changa na kuifunika kama blanketi, na barafu iliyofunikwa hainenepi. Kwenye mlango wa mkondo, kati ya rasi na kisiwa, Veijo alipiga mtaimbo na maji yakatoka kwa pigo la pili. Akasimika matawi mawili yaliyopishana, akaisogeza njia kando, akaenda zake msituni na wenzake.

Adhuhuri upepo ulivuma. Hilkka alipotoka kukagua nyavu zake za upande wa kisiwa aliona tawi limelala juu ya theluji. La pili lilikuwa limefukiwa, hakuliona. Akafanya alichofanya maisha yake yote.

"Nikaliinua," anasema, akikunja wavu ndani ya beseni. "Nikalisimika wima vizuri, nikalishindilia theluji kwa buti. Nilijisifu hata. Nikasema, Veijo siku hizi anasimika ovyo, mikono imezeeka."

Giza lilipoanza kuingia Veijo alirudi mbele ya wenzake, akiburuta sleji yenye paja la elki. Aliyekuwa nyuma yake ni Oiva. Anasimulia kwamba kaka yake alifika mlangoni mwa mkondo, akasimama, akalitazama lile tawi kwa muda.

"Akaniambia, 'Mke wangu amepita hapa. Naona amepima upya, pamekaza.' Kwa sauti ya furaha kabisa," anasema Oiva. "Akapita."

Polisi waliandika kwamba chanzo cha ajali ni hali ya hewa. Hilkka aliwaeleza kuhusu tawi, wakamsikiliza kwa heshima, wakampa pole, na maneno yao hayakubadilika. Pale kijijini hali ni hiyo hiyo. Walimletea mikate ya samaki mpaka jokofu likajaa. Walimpasulia kuni za miaka miwili. Lawama hakuletewa.

"Wangenitukana ningejua pa kuanzia," anasema. "Mtu akikutukana utamjibu, mtagombana, yataisha. Hawa wananiletea mikate."

Jikoni kwa Hilkka, Oiva amevua kofia na anakunywa kahawa kutoka kwenye kikombe ambacho ni dhahiri hakikuwa chake. Sasa analisema lililomleta.

"Jamaa wameniuliza, shemeji. Kuhusu njia."

"Wamekuuliza wewe, au wamekutuma?"

"Vyote."

"Nilishakwambia. Mliiomba halmashauri ichukue kazi hiyo. Subirini jibu."

"Halmashauri inahamisha kipimajoto."

"Basi watajibu wakimaliza."

Oiva anazungusha kikombe. "Keshokutwa tunavuka. Pakiwa na matawi, tutapita kwenye matawi. Pasipokuwa nayo, tutavuka hivyo hivyo. Nimewakataza, lakini Kauko amesema atapita hata peke yake. Unamjua Kauko."

"Namjua. Hata kwenye sauna huingia bila kugusa mlango kuona kama una moto."

"Ndiyo huyo."

Hilkka anainuka, anamwongezea kahawa bila kuulizwa, na anabaki amesimama na birika mkononi.

"Oiva. Ungepita kwenye tawi langu?"

"Ningepita."

"Ndicho ninachokiogopa. Kwamba mngepita wote, mmoja nyuma ya mwingine, kama ng'ombe, na hakuna hata mmoja angeuliza."

"Sasa unataka nini? Tusikuamini?"

"Ndiyo," anasema. "Nataka msiniamini."

Hilo, katika Hoikanperä, ni ombi zito kuliko kuomba mkopo. Oiva anavaa kofia yake na kuondoka.

Asubuhi inayofuata Hilkka yuko gatini na mtaimbo. Kwenye sleji amepakia matawi mabichi ya msonobari na, juu yake, sweta jekundu la sufu lililoliwa na moto kwenye kiwiko. Ni la Veijo. Mkono mmoja umekwisha kufumuliwa, na uzi wake umezungushwa kwenye kijiti.

Anapiga. Barafu ya kandokando ni nyeusi, inalia kavu, haitoi maji. Anasimika tawi. Mbele zaidi ni nyeupe, ile ya theluji iliyoloa ikaganda, isiyofikia nusu ya nguvu ya barafu nyeusi. Hapo anapiga mara nyingi kuliko desturi inavyotaka, anarudi nyuma, anapiga tena alipokwisha kupiga. Mtu akimtazama kutoka dukani atadhani amepoteza kitu.

Baada ya muda sauti ya pili inasikika. Oiva anakuja nyuma yake, kwa urefu wa kamba, na mtaimbo wake mwenyewe. Kila penye tawi la shemeji yake anasimama, anainua chuma, anapiga mara tatu. Kwa mila za hapa anamtusi hadharani, tawi baada ya tawi, na Hilkka, aliyempa mgongo, anaonekana kunyoosha mabega.

"Tawi la tano umepiga mara mbili tu," anamwambia bila kugeuka.

"Pigo la tatu liliteleza."

"Rudi."

Anarudi.

Mlangoni mwa mkondo maji yanatoka kwa pigo la kwanza. Hilkka anachukua matawi mawili, anayapishanisha, kisha anafunga uzi mwekundu kwenye kila moja, chini na juu. Mpango wake ni huo, na hana mwingine: kuanzia sasa tawi la hatari litabeba uzi, ili hata likianguka, hata mwenzake akifukiwa, atakayeliokota ajue lilikuwa linasema nini. Sweta, kwa hesabu yake, litatosha mpaka atakapokuwa mzee wa kushindwa kuinua mtaimbo.

"Na baada ya hapo?" Oiva anauliza.

"Baada ya hapo utafumua la kwako."

Hilkka anabaki amechuchumaa pale kwa muda mrefu kuliko fundo linavyohitaji. Chini ya barafu mkondo unasikika. Oiva anatazama upande wa msitu, kwa adabu, mpaka shemeji yake anapoinuka.

Alasiri hiyo hiyo halmashauri ilijibu ombi la wawindaji. Baada ya majadiliano iliamuliwa, kwa kauli moja, kwamba mstari wa matawi juu ya ziwa si barabara, hivyo hauwezi kukabidhiwa mtumishi yeyote. Hata hivyo, kwa kutambua msiba wa mwaka jana, halmashauri itaweka gatini kibao cha kuwakumbusha wananchi kwamba kila avukaye barafu avuka kwa dhamana yake mwenyewe. Kwa kuwa ardhi imeganda na nguzo haiwezi kuchimbiwa, kibao kitawekwa mwezi wa Mei, barafu itakapokuwa imeyeyuka.