Nafasi ya Daktari Mkekani

Mume wangu alikuwa dresa, mfunga vidonda na mpiga sindano, katika zahanati ndogo kule Kipawa, enzi za Mwingereza, ila watu wote walimwita daktari. Mie nilipenda, sikumsahihisha mtu.

Siku moja alirudi nyumbani mchana kweupe, koti lake jeupe kalikunja kwapani. Mtoto wa jirani yetu, fundi seremala, alikuwa amemfia mikononi. Miaka minne tu. Homa ilimpanda kichwani, na sindano haikufua dafu.

"Fungasha," akaniambia. "Turudi kwetu bara. Sishiki tena mtoto wa mtu."

Mazikoni hakwenda. Alidhani akionekana atawatonesha wafiwa kidonda. Siku ya pili nikachoka kumtazama anavyofunga masanduku. Nikajitwika kikapu cha mchele, nikaenda tangani peke yangu. Niliogopa matusi, sifichi, lakini na mie mdomo ninao, ningejibu.

Fundi mwenyewe akaniita kutoka barazani. "Shemeji, daktari yuko wapi?"

"Hajisikii vizuri."

"Mwambie namngoja. Nafasi yake hii hapa."

Nikatazama. Wanaume walibanana mpaka uani, lakini pale mkekani kando ya baba wa marehemu palikuwa patupu, hakuna aliyethubutu kupakalia.

Lahaula! Nilirudi mbio. "We bwana! Watu wamekuwekea nafasi ya mfiwa, wewe umejifungia na masanduku? Vaa shati twende!"

Akaenda, akakaa. Mie nilichungulia kutoka upande wa wanawake. Kila aliyeingia alimpa fundi mkono wa pole, kisha akampa mume wangu: "Pole, daktari. Pole sana." Alipofika wa nne au wa tano, mume wangu akaangua kilio mbele za watu. Fundi akamshika mkono, hakumwachia. Nilijivunia majirani zangu siku ile, nikajivunia na mwanamume wangu anayelia.

Asubuhi baada ya tanga kuondolewa, mume wangu alirudi zahanati, nikampelekea chai. Fundi alikuwa wa kwanza mlangoni, kambeba binti yake mdogo anakohoa. Mume wangu akasita, mikono kaiweka nyuma.

Fundi akamsogezea mtoto kifuani. "Mshike vizuri, daktari. Huyu mtundu, hatulii."

Akamshika.