Kupangua Gia kwa Kuhesabu

Kila ninapoteremka na gari kutoka Old Moshi, namshukuru baba yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha klachi. Alikuwa fundi wa giaboksi mjini, na mkono wake ulizijua gia kama mama alivyovijua vyungu vyake gizani: moja juu, mbili chini, sogea, tatu juu, nne chini. Kwenye mteremko alikuwa na ufundi wake. Akishapunguza mwendo, kutoka tano hakupitia nne wala tatu. Aliruka moja kwa moja mpaka mbili, gari likanguruma na kutulia. "Kupangua gia ndiko huku," alikuwa akisema, akinitazama kwa majivuno mpaka nacheka.

Mimi nilikuwa bibi shamba, nikizunguka Kilema kukagua mibuni kwa pikipiki niliyopewa kazini. Baba hakuipenda hata kidogo. Binti wa watu, miguu huku na huku, watu wataonaje? Aliiita "kile kidude", na kila niliporudi nyumbani ilibidi niilaze kwa jirani.

Ilikuwa miaka ya tisini, milango ya biashara imefunguliwa, na matajiri wa mjini wanaleta magari ambayo hatujawahi kuyaona. Mmoja wao, mteja mkubwa wa baba, alileta gari la mashindano lenye gia za aina mpya. Mkono wa gia ulikwenda mbele na nyuma tu: unavuta, gia inapanda moja, unasukuma, inashuka moja. Baba alifungua giaboksi, akabadilisha meno yaliyolika, akafunga vizuri kabisa. Kilichobaki ni kumwendesha tajiri mwenyewe Jumamosi, aone kazi. "Mzee, hii ikikushinda," tajiri alisema, "nitaipeleka Nairobi. Na malori yangu yote yatakwenda huko huko." Malori yale ndiyo yaliyokuwa yanatulisha.

Alhamisi baba alilijaribu, mimi nikiwa kiti cha pembeni. Kupanda, raha tupu. Kuteremka sasa, yuko gia ya tano, kona inakuja, akasukuma mkono mara moja, akaachia klachi kwa imani yote. Yeye alijua yuko mbili. Gari lilikuwa nne. Mae! Tulipitiliza kona tukasimamia migombani, tairi la mbele likining'inia juu ya mfereji. Baba alizima injini, akabaki ameushika mkono wa gia.

"Baba," nikasema, "hii ni gia ya pikipiki. Hairuki. Unazipita zote, unazihesabu."

"Usiniletee habari za kidude chako."

Lakini Ijumaa asubuhi, nilipokwenda kwa jirani kuichukua, nilimkuta baba amesimama kando ya pikipiki, koti limefungwa mpaka shingoni. Akapanda nyuma yangu. Watu walitoka migombani kushuhudia, na mmoja akauliza kama tunakwenda harusini. Mteremko mzima, kila niliposhusha gia kwa mguu, alinigonga begani na kuhesabu kwa sauti: nne, tatu, mbili. Tulipanda na kuteremka hivyo mpaka petroli ikakaribia kuisha. Bega liliniuma hadi jioni.

Jumamosi nilisimama kwenye kona ileile, ukingoni mwa mfereji. Nililisikia gari kabla ya kuliona. Injini ilipaza sauti, ikapaza tena, ikapaza tena. Nne, tatu, mbili. Likapita mbele yangu limetulia, tajiri anacheka mwenyewe ndani.

Baba akasimamisha, akashuka, akaja mpaka niliposimama, mbele ya tajiri na majirani wote waliokuja kuona kioja. Akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Baba yangu mzazi! Sikuitikia, ningeitikiaje? Nilimwambia tu, "Baba, utanitia laana," nikageukia migomba asinione ninalia.

Sasa hayupo. Gari langu ni la gia za zamani, naweza kuruka nikitaka, lakini mteremko ule siruki. Nahesabu nne, tatu, mbili, na nikifika kwenye kona yetu naitoa kwa sauti, hata kama nimepakia watu: shikamoo, Baba.