Mpishi wa Ukurasa wa Tisa

Jumanne alasiri, katika darasa la Kiswahili la watu wazima nililotembelea huko Kimironko, mwalimu alimwuliza fundi cherehani, "Mzee, kwako nani anapika?" Fundi alitazama kwanza picha ya ukurasa wa tisa kitabuni, kisha akajibu, "Mama anapika. Baba anasoma gazeti."

"Acha uongo, mzee!" akacheka jirani yake, muuza vitenge. "Tangu ufiwe na mkeo, si unapika mwenyewe?"

"Ndiyo. Lakini kwa kitabu, mwanaume wa kupika haiko."

Muuza vitenge akachukua kalamu, akamchorea mpishi wa pichani masharubu. "Sasa iko. Ni wewe."

Fundi alitabasamu. Kisha akaitazama meza pichani, yenye sahani nne, akafunika tatu kwa kiganja.

Nimedai mara nyingi vitabu viwaonyeshe wanaume jikoni. Sikuwa nimefikiria watakula na nani.