Betri Haipandi Ndege

Ndugu yangu mkubwa alipoteza miguu yote miwili akiwa na miaka kumi na tisa, chini ya trela la miwa, karibu na kwetu Matulo. Alikuwa mpakiaji. Dereva alirudi nyuma akidhani watu wote wameshatoka. Mimi nilikuwa darasani siku hiyo, na nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameketi jikoni na gambuti za ndugu yangu mapajani. Alikuwa ameziosha.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu nimemjua akiwa chini. Alijifunza ufundi wa viatu, akahamia Bungoma mjini, akaoa, akapata nafasi yake kwenye veranda ya duka moja karibu na soko. Kanisa lilimpa kiti cha magurudumu mara mbili. Cha kwanza kilivunjika ekseli kwenye mawe ya mtaani kwao, na spea haikupatikana popote. Cha pili hakikuweza kupita katikati ya meza za wauzaji, akakirudisha apewe mwingine. Alichokipenda ni kibao: ubao wenye urefu wa mkono na magurudumu manne ya beringi za gari chini yake. Alijifunga mapaja juu ya ubao, akashika vipande viwili vya mbao vilivyogongewa mpira wa tairi, na kwavyo akajisukuma, kushoto na kulia, kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Miaka ishirini.

Mimi ni fundi wa simu na redio, Kitale. Tuliitana fundi, yeye wa viatu, mimi wa umeme. Nilikuwa nikimtembelea kila mwisho wa mwezi. Siku moja nilimkuta ameweka kiatu cha mtu kati ya mapaja yake yaliyokatwa, anajaribu kuinua nyundo. Mkono ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

"Bega," akasema. "Daktari anasema imelika. Mfupa kwa mfupa."

"Anasema ufanye nini?"

"Ati nipumzishe." Akacheka. "Nimwambie nini? Nitembee na meno?"

Niliporudi Kitale nilianza kutafuta. Nilikuwa nimeona kwenye simu za wateja vijana wa ng'ambo wamesimama juu ya ubao unaokwenda wenyewe, rimoti mkononi, wakipita barabarani kama upepo. Skeitibodi ya umeme. Kwao ilikuwa mchezo. Mimi niliona kibao cha ndugu yangu. Nilisoma jinsi watu wanavyoziunda wenyewe nyumbani: magurudumu mawili ya nyuma yenye mota ndani yake, kontrola ya kugawa moto wa umeme, rimoti, na betri. Vitu vinne tu. Niliona ni kazi ya wiki mbili.

Nilianzia hapa kwetu, kwa sababu sikupenda kutuma hela mahali nisipoweza kwenda kugonga mlango. Kitale kuna maduka ya spea kila kona, lakini ni spea za pikipiki, za trekta, za pampu za maji na za sola. Mwenye duka mmoja aliniangalia juu ya miwani.

"Skeitibodi? Hiyo ni ya watoto wa Nairobi, bana. Huku nani atapanda, kwa hii matope?"

Nikapiga simu Nairobi. Mmoja alikuwa na mota, lakini ya pikipiki ya umeme, kubwa kama sufuria ya harusi. Mwingine aliniambia vitu viko njiani. Vilikaa njiani miezi miwili, kisha akaacha kushika simu. Wa tatu aliniuliza natengeneza nini, nikamweleza, akaniambia kwa upole niagize nje kama wenzangu wote wanavyofanya, kwa sababu hata yeye akiuza anaagiza hukohuko.

Nikaagiza China. Muuzaji tulizungumza naye kwa maandishi, simu ikitafsiri maneno yake na yangu, kwa hiyo sijui alisoma nini hasa. Aliniuliza rafiki yangu anapenda mwendo wa kasi kiasi gani. Nikamwambia si wa kasi, ni wa mtu asiye na miguu. Alinyamaza siku mbili nikadhani nimempoteza. Kisha akajibu: kontrola aliyotaka kuniuzia haifai, inaanza kwa kuruka, mtu ataanguka. Akanichagulia nyingine inayoanza polepole. Mzigo ulipofika, baada ya wiki saba na safari mbili za kufuatilia karatasi za forodha, ndani ya boksi kulikuwa na mipira miwili ya ziada ya magurudumu ambayo sikuwa nimeiagiza.

Betri peke yake haikuwemo. Kampuni za ndege hazikubali, aliandika. Betri haipandi ndege. Nilitafuta wakala wa mizigo wa meli, naye akakataa, akasema mzigo wa aina hiyo unataka vibali ambavyo mtu wa betri moja hawezi kuvipata. Nikawaandikia wauzaji watano wengine. Wanne walisema hapana. Wa tano alisema ndiyo haraka mno, akataka nimtumie hela kwa njia isiyoeleweka, nikamwacha.

Basi nikafunga kibao bila yake. Ubao nilichonga wa mvule, mpana kuliko wa zamani. Magurudumu ya mbele nilipata kwa mama mmoja wa vyuma chakavu Kipsongo, yalitoka kwenye kitoroli cha hospitali. Nilishona mkanda wa kumfunga mapaja kwa turubai, nikaweka kifungio imara cha mkoba wa shule ili asichomoke kwenye mashimo. Kwa moto niliweka betri mbili za pikipiki, zile za asidi. Zilikuwa nzito kama mawe ya kusagia.

Siku ya kumpelekea, mkewe alisimama mlangoni mikono imefungwa kifuani.

"Shem, hii kitu haitampiga shoti?"

"Haiwezi."

Ndugu yangu alijifunga, akashika rimoti kama mtu aliyeshika yai. Kibao kikaondoka polepole. Akafika kwenye lami. Akapita mama wa mboga, akapita veranda yake, akapitiliza. Nilikimbia nyuma yake. Watu wa bodaboda walikuwa wakipiga honi na kumwita kwa majina ya magari. Alipogeuza nilimwona uso. Mikono yake ilikuwa imelala tu, haina kazi. Sikuwa nimewahi kuiona imelala njiani.

Furaha hiyo ilidumu wiki tano. Betri za asidi haziwezi kutumiwa hivyo. Kila siku zilikwenda umbali mfupi zaidi, hadi zikawa zinamwacha nusu ya njia, na sasa alikuwa na mzigo wa kusukuma uliozidi wa zamani mara tatu. Msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Mkewe alinipigia simu akasema ndugu yangu amefika nyumbani amelowa, mkono hauinuki kuvua shati, imebidi yeye alikate kwa makasi. Niliacha simu ya mteja ikiwa wazi mezani nikapanda gari kwenda Bungoma.

Kulikuwa na duka hapo mjini lililouza taa za sola na chaja. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno matamu. Nilipomwambia ninachotaka, aliingia nyuma akatoka na betri ya lithiamu iliyofungwa vizuri kwa plastiki ya bluu, volti zileile, waya nyekundu na nyeusi.

"Mpya?"

"Mpya kabisa, boss. Imekuja na kontena."

Niliipima uzito mkononi. Ilikuwa nyepesi mno, hata kwa lithiamu. Mtu anayefanya kazi yangu anajua uzito wa seli nzuri kama mpishi anavyojua chumvi. Hata plastiki ile ya bluu, kwenye pembe moja, ilikuwa imekunjamana kama iliyochomwa na kiberiti cha nyumbani, si mashine. Niliweka mita. Volti zilikuwa sawa. Seli mbili zilikuwa chini ya zingine kidogo. Nilijua nilichokishika: seli za kompyuta kuukuu, zimevalishwa nguo mpya. Nilijua pale pale kaunta, na mtu akiniuliza leo, siwezi kusema vingine.

Lakini nilikuwa nimetafuta miezi kumi. Na ndugu yangu alikuwa mtaa wa pili, amekaa na shati lililokatwa.

Niliichukua. Niliifungua nikaongeza saketi ya kinga, ndogo, niliyoitoa kwenye betri ya mashine ya kutoboa mbao. Nikaichaji kwake mchana kutwa nikiwa nimekaa kando. Ilipojaa niliigusa. Ilikuwa na joto upande mmoja. Nikasema ni kawaida. Nikaifunga chini ya ubao, nikaizungushia bati ili maji yasiingie.

Ilikwenda siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alikuwa akishuka kutoka upande wa stendi. Waliokuwepo walisema kibao kilipiga tuta, kikaruka kidogo, kikaendelea. Kisha moshi mweupe ukatoka chini kama wa chungu kilichofunikwa. Yeye hakuuona, alikuwa anatazama mbele. Watu walipiga kelele. Akajaribu kusimamisha. Halafu moto ukatoka pande zote mbili za ubao.

Mtu mwenye miguu angeruka. Ndugu yangu alikuwa amefungwa kwa mkanda wangu. Aliingiza mikono yote miwili kwenye moto kutafuta kifungio. Mkanda wa turubai ulikuwa umeshika moto, kifungio cha plastiki kimeanza kuyeyuka, kikamgandia vidoleni, naye akaendelea kukivuta. Muuza maji alimwaga madebe mawili juu yake. Mwingine akakata mkanda kwa kisu cha nyama.

Nilimkuta hospitali ya Bungoma. Mapaja yalikuwa yameungua, lakini daktari alisema mapaja yatapona. Hakutaja mikono mpaka nilipouliza. Mkono wa kulia walikata vidole viwili wiki hiyohiyo, na kimoja baadaye. Wa kushoto vidole vyote vilibaki, ila vilipona vikiwa vimeshikana na kukunjika kuelekea kiganja, kama mtu aliyekamata kitu asichotaka kukionyesha.

Nilikwenda kwenye lile duka. Sijui nilikusudia nini. Nilikuwa nimebeba kipande cha lile bati lililoungua. Mwenyewe aliliangalia, akaniangalia. Hakukana.

"Pole sana, fundi. Lakini si ulizipima? Nilikuona na mita."

"Nilizipima."

"Basi."

Nilisimama pale. Mteja akaingia akaulizia taa, naye akamhudumia. Nikatoka.

Nilichelewa kumwambia ndugu yangu. Walikuwa wamemrudisha Matulo kwa mama, kwa sababu kodi ya ile nyumba ya Bungoma ilitaka mtu anayefanya kazi. Kila Jumamosi nilikwenda, nikamnyoa, na mama asipokuwepo nikamlisha. Mkewe alinisalimia kwa heshima na kuniwekea chai, lakini hakuniita shem tena. Alisema tu, "Karibu."

Jumamosi moja tulikuwa wawili uani. Nikamwambia yote: uzito, plastiki iliyokunjamana, zile seli mbili, joto.

Kuku walikuwa wakichakura karibu na ubao aliokalia.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Hata mimi nilijua."

Sikumwelewa.

"Ilikuwa inapata joto. Siku tatu hivi kabla. Nikifika kazini nasikia moto hapa kwa mapaja, kama nimekalia jiko. Nikafikiria nikupigie. Lakini nikikupigia ungekuja kuichukua. Ungeichukua, si ndio?"

"Ningeichukua."

"Na mimi nirudi kusukuma." Akatikisa kichwa. "Nikanyamaza."

Tangu siku hiyo nimefikiria maneno hayo mara nyingi. Kuna watu niliowasimulia wakasema, unaona, kumbe kosa ni la wote wawili, jipunguzie. Sioni hivyo. Yeye si fundi wa umeme. Yeye alisikia joto tu. Mimi nilijua joto hilo linatoka wapi na linaelekea wapi. Kama aliogopa kuniambia, ni kwa sababu mimi nilikuwa nimemwonjesha njia bila kusukuma, kisha nikamwacha achague.

Nikamwambia anisamehe. Aliniomba nimkune nyuma ya sikio, kulikuwa na kitu kinamwasha. Nikamkuna.

Sasa ni mwaka umepita. Bado natengeneza simu Kitale. Yule muuzaji wa China aliwahi kuniandikia kuuliza kama rafiki yangu anafurahia mwendo. Nilianza kujibu mara tatu. Simu ingetafsiri, nadhani, lakini sikuwa na sentensi ya kuipa.

Majirani wa Matulo walipojua fundi wa viatu amerudi nyumbani, walianza kuleta viatu vyao bila kujua hali ya mikono yake. Mwanzoni alikuwa akiwarudisha. Siku hizi mkewe ndiye anayeshona, yeye akiwa ameketi kando anamwelekeza. Wanagombana sana. Jumamosi iliyopita nilikuta kiatu cha shule mapajani mwa mkewe, soli imeachama.

"Si hapo. Ingiza sindano chini ya ule mshono wa zamani. Chini. Sasa vuta."

Akavuta, uzi ukakatika. Ndugu yangu alinyoosha ile mikono ghafla, kama anayetaka kukichukua kile kiatu, ikafika hewani, ikasimama hapo. Mkewe alitazama pembeni, akilamba ncha ya uzi mwingine. Yeye akairudisha mikono chini ya blanketi.

"Anza upya," akamwambia.