Nilimsingizia Senene

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mapema ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati. Mke wangu ndiye aliyenishauri niandike. Amechoka kuniona nanyong'onyea kila mwaka msimu wa senene unapoanza, watu wengine wakifurahi. Basi nakuambia wewe usiyenijua: niliharibu kitu, nikasema uongo, nikamtwisha mama wa watu lawama. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamenitangulia.

Ilikuwa Bukoba, mtaa wa Kahororo, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nilikuwa nimekwenda Mwanza kusoma kompyuta kwa miezi michache, na kwa hiyo miezi michache nilirudi nyumbani nikitembea kama daktari bingwa. Kwenye mfuko wa shati nilichomeka kalamu na bisibisi. Bisibisi hiyo nilikwenda nayo hata kanisani.

Nikapata kazi kwenye kituo kidogo kilichosaidia wagonjwa na yatima. Unajua miaka ile ilivyokuwa kwetu. Dawa zilikuwa hazijatufikia, na ugonjwa wenyewe tulikuwa tukiutaja kwa kuzungukazunguka. Kila kijiji kilikuwa na migomba iliyokosa wa kuipalilia.

Mzazi aliyejua hali yake alikuwa akija kituoni, akiketi na kusimulia mambo ambayo alitaka mwanawe ayajue akikua: ukoo wake, jina lake lilitoka wapi, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Kemilembe, mpiga chapa wetu, alisikiliza na kuyaingiza kwenye kompyuta. Mzazi akimaliza, kurasa zinachapwa, zinashonwa, anaondoka nazo. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya msaada, nzito kama gunia la kahawa.

Sasa huyo Kemilembe. Alikuwa msichana wa Buhembe, mtaratibu, vidole vyake vinakimbia hata akiwa anaongea nawe. Mimi nilimpenda, sikujua niseme nini, nikaamua nimwonyeshe utaalamu. Siku moja alilalamika kwamba mashine inachelewa kufungua kurasa. Nikamwambia aniachie mimi, kesho itakuwa inakimbia.

"Si lazima ikimbie," akasema. "Ifike tu."

Ningemsikiliza, nisingekuwa naandika haya.

Mchana alipokwenda kula, niliingia kwenye ule ukurasa wa bluu unaotokea ukiwahi kubonyeza kitufe kabla mashine haijaamka vizuri. Humo ndimo unamopangia kasi ya kumbukumbu, yaani ile sehemu ambayo kompyuta hushikilia kazi inayoifanya kwa wakati huo. Ilikuwa kasi ya kawaida. Nikapandisha. Nikaona bado kuna nafasi, nikapandisha hadi mwisho. Nikahifadhi, nikaiwasha upya, nikakunja mikono nikisubiri kusifiwa.

Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikalia piii ndefu, ikanyamaza, ikalia tena. Nikazima, nikawasha. Piii. Nikataka kurudi kwenye ukurasa wa bluu nirudishe nilichokiharibu, lakini hapakuwa na ukurasa wowote. Mashine haikuwa na nguvu ya kufika hata hapo. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

Kemilembe akarudi. Nyuma yake akaja Sista, mkuu wetu wa kituo, akauliza kuna nini. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kufungua boksi la mashine, na humo ndani, juu ya vumbi, alikuwa amelala senene mmoja mkavu.

Kama wewe si wa kwetu, senene ni panzi tunaowakaanga na kuwala, na wakianza kuruka mji mzima unachangamka. Ma Paskazia, mama aliyekuwa akifanya usafi kituoni, alikuwa ameomba ruhusa ya kuacha taa ya ofisi ikiwaka na madirisha wazi, ili awavute. Asubuhi alitugawia wote. Mimi nilikula sahani nzima, nikalamba vidole.

Nikamwinua yule senene kwa ncha ya bisibisi. "Huyu ndiye," nikasema. "Aliingia, akapiga shoti."

Sista alimtazama senene, akanitazama mimi. Mambo ya kompyuta hakuyajua, kwa hiyo aliniamini. Ma Paskazia akaambiwa asiingie tena ofisini. Angekaa shambani na jikoni mpaka iamuliwe kama atabaki kazini. Mumewe alikufa wakati wa vita vya Amin, binti zake wawili walichukuliwa na ugonjwa huuhuu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wajukuu.

"Nisameheni, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima. "Sikujua wanaharibu."

Mimi nikainama, nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

Kesho yake nilikwenda posta kumpigia simu mwalimu wangu wa Mwanza. Nikamweleza mlio na kioo cheusi. Akaniuliza swali ambalo fundi yeyote huanza nalo: kabla haijafa, uligusa nini? Nikamjibu sikugusa kitu.

Ukimdanganya daktari atakutibu ugonjwa usio wako. Akaniambia nitoe vibao vya kumbukumbu, nisugue meno yake kwa kifutio cha penseli. Nikasugua. Piii. Nikampigia tena, akasema nivibadilishe nafasi. Nikabadilisha. Piii. Akasema basi huenda vimekufa, akanitumia kingine kwa meli. Kikafika, nikakipachika huku namwomba Mungu. Piii.

Ikawa kazi yangu ni kufungua na kufunga skrubu zilezile, nimekunja uso kama mtu anayefikiri. Kemilembe alikaa pembeni na kalamu yake. Hakuniuliza kitu, na huko kutouliza ndiko kulikonichoma.

Ndipo akaja Mama Egidia. Huyu alikuwa Mkerewe aliyefuata biashara ya dagaa kwenye visiwa vya Muleba. Akakaa huko, akaolewa huko, mumewe akamfia hukohuko. Walibaki yeye na binti mmoja, Egidia, mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amekuja kwetu mara kadhaa, akisimulia kidogo kidogo kadiri pumzi ilivyomruhusu. Maneno yake yote yalikuwa ndani ya mashine, hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa umechapwa. Safari hii alikuja kumalizia. Alikuwa amekonda mpaka kanga ilikuwa inamzidi.

Kemilembe akamweleza kwa upole kwamba mashine imeharibika, akashauri waanze upya, amwandikie kwa mkono. Mama Egidia akakubali. Akaanza na siku aliyozaliwa Egidia, mtumbwini, mvua ikinyesha. Akakohoa, akapumzika, akaanza tena. Mwisho akatikisa kichwa.

"Hii nilikwisha kuisema vizuri," akasema. "Sasa hivi haiji vile."

Ma Paskazia alisikia akiwa jikoni. Akaja na kikombe cha uji, akapiga magoti mbele ya mgonjwa, akamwomba msamaha kwa kuwa senene wake waliyapoteza maneno aliyomwekea mtoto.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Ma Paskazia, inuka," nikasema. "Si senene. Ni mimi. Niliigusa mashine ili ikimbie, ikagoma, nikaogopa kusema. Hata mwalimu wangu aliponiuliza nimegusa nini, nilimjibu sikugusa."

Kemilembe akaweka kalamu chini. Ma Paskazia akabaki ananitazama, kikombe kingali mkononi, kama mtu aliyesemeshwa lugha ya kigeni.

Aliyecheka ni Mama Egidia. Alicheka mpaka kikohozi kikamkatisha, akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Mimi nilishangaa," akasema. "Senene angekuwa mkali hivyo, ninyi Wahaya mngekuwa mmekwisha wote. Si mnawala kwa ndoo?"

Hata Sista, aliyekuwa amekuja kuona kuna nini, aligeukia ukuta mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena, uso ulikuwa mwingine. Akaniambia nimpigie magoti Ma Paskazia palepale, kama yeye alivyopiga, halafu niende posta haraka. Nikapiga. Sakafu ya saruji haijawahi kuwa baridi kama siku ile.

Kwenye simu nilimwambia mwalimu yote. Naye akanielekeza: ndani ya mashine kuna betri bapa, kama kifungo cha koti, ndiyo inayoitunzia mipangilio hiyo hata ukiizima. Nichomoe waya wa umeme, niitoe betri, nisubiri kidogo, niirudishe. Mashine itausahau ujinga nilioiambia, itaanza na kasi iliyotoka nayo kiwandani.

"Kazi ya kikombe cha chai," akasema, "na wewe umenitumisha kibao kwa meli."

Nikafanya kama alivyosema, nikawasha. Ikalia kamlio kamoja kafupi, kioo kikaangaza. Tarehe ilikuwa imeisahau, ikadhani tuko mwaka mwingine kabisa, lakini kurasa za Mama Egidia zilikuwemo zote. Kemilembe akamsomea. Alipofika kwenye mvua na mtumbwi, mama wa watu akafumba macho.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Kulikuwa kumebaki sehemu moja, alivyokutana na baba yake Egidia. Lakini asubuhi nzima alikuwa ameimaliza pumzi kwa kuyarudia yale aliyokwisha kuyasema. Akasema hiyo ataisimulia akija tena, kwa leo aongeze maneno machache tu. Nilikuwa karibu naweka karatasi kwenye printa, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia mwanawe asome, asiogope maji, awatembelee ndugu zake Ukerewe. Halafu akanitupia jicho, akatabasamu, akaendelea polepole ili Kemilembe asiachwe nyuma.

"Ukija kuolewa, olewa na mwanamume ambaye kitu kikiharibika ukamuuliza umegusa nini, atakwambia. Anayejibu sikugusa, mwache aende zake."

Kemilembe aliandika bila kuinua kichwa. Nilimwona tu anairudia kuisoma sentensi ile, midomo ikicheza.

Ma Paskazia alirudi ofisini. Alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili, ingawa kila tulipopishana aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama leo nimegusa kitu. Kemilembe nilikuja kumposa. Alinisikiliza kwa heshima zote, akanijibu kwamba nimechelewa, yuko mwalimu mmoja wa Rubafu. Nikauliza huyo mwalimu ana nini.

"Aliazima baiskeli yangu, akaipinda gurudumu," akasema. "Akaja kuniambia kabla sijaiona."

Hilo nililimeza, nikaoa mke mwema baadaye. Lisilomezeka ni jingine. Mama Egidia hakuja tena. Alifariki kisiwani, na kurasa zake tukampelekea mtoto sisi wenyewe.

Miaka mingi imepita, Egidia sasa ni mama wa watoto. Mwaka jana alikuja Bukoba, akanitafuta, akanitania sana kuhusu ile sentensi, tukacheka mpaka mke wangu akaja kuona kuna nini. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mama yake aliwahi kututajia alivyokutana na baba yake, maana kwenye kurasa hakuikuta habari hiyo.

Nikamwambia ukweli, kwamba alitaka kuisimulia siku ile, na ni kwa nini hakuisimulia.

Kijana unayeshika vitu vya watu, nakuonya. Kuharibu utaharibu, hakuna fundi asiyeharibu. Lakini ukiulizwa uligusa nini, sema saa ileile. Wewe unaweza kuwa na muda wa kuficha. Anayesubiri kwenye benchi pengine hana.