Barua ya Kusitisha Makato Niliyomwandikia Mume Wangu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Admin, nakuomba jina langu ulifiche, maana Mtwara ni ndogo na mimi nafahamika. Nina miaka hamsini na sita, ni mjane, naishi Chuno. Wanangu ni wawili, wa kiume wote, na kila mmoja ana mji wake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa ofisi moja hapa mjini. Shule aliishia la nne. Mimi nilimaliza kidato cha nne na nina mwandiko. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa kujisifu ndiko kulikoniponza. Mtaa mzima ulikuja kwangu kuandikiwa barua, za kuomba kazi, za posa, mpaka za kulalamikia maji. Herufi y nilikuwa naivuta mkia mrefu mpaka unapita chini ya neno zima. Walimu walinichapa niache, sikuacha.

Siku moja mume wangu alirudi na hati yake ya mshahara, akanionyesha mstari mmoja wa makato. Haukuwa na jina, namba tu. Akasema ni chama cha kuzikana alichoingizwa na wenzake, viongozi wanazila hela, yeye hataki tena, na mhasibu anadai barua. Nikamuuliza chama kinaitwaje. Akasema niandike namba tu, ofisini wanakijua. Sikuuliza mara ya pili. Tulikuwa na mtoto mchanga na nilikuwa natamani cherehani.

Nikaandika. YAH: KUSITISHA MAKATO. Barua niliiona fupi mno, haina uzito, basi nikaongeza sentensi ya kichwani mwangu mwenyewe: "Fedha hizi hazina faida yoyote kwangu wala kwa familia yangu." Nilipomsomea aliinama muda mrefu, halafu akatia sahihi.

Mwezi uliofuata hayakukatwa tena. Cherehani nikaipata kabla ya Ramadhani. Nikawa namtania kwamba kalamu yangu nayo inalisha nyumba. Hakucheka hata siku moja, na mimi nikaona ni uchovu wa safari.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula, alikuja mwanamke wa thelathini na kitu, katokea vijiji vya kando ya mto Ruvuma. Sikuhitaji kuambiwa. Paji la uso lilikuwa la marehemu, na kuinama kwake vilevile. Nikamwingiza chumbani.

Akanieleza taratibu. Mama yake, mtu wa asili ya Msumbiji, alizaa na mume wangu kabla hajanioa mimi. Bosi wa zamani aliwasuluhisha, ofisi ikawa inamkata kila mwezi na mama anakuja kupokea dirishani. Kisha mwezi mmoja akaambiwa hakuna kitu. Akarudi wa pili, akarudi wa tatu, karani akamwonea huruma akampa nakala ya barua. Mama hakujua kusoma. Aliyemsomea ni yeye, mtoto, akiwa darasa la tano. Mwaka huo sare na michango vikakosekana, akaenda kupalilia mikorosho ya watu. Alipotoka unyagoni akaozwa.

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka.

"Mama, sijaja kudai urithi," akasema. "Baba alikuwa hajui kuandika hivi. Nataka kumjua aliyemwandikia. Sina ugomvi naye, nataka kumuuliza tu kama alijua kuna mtoto."

Nikaziangalia zile y zangu na mikia yake.

"Simfahamu, mwanangu," nikamwambia.

Tangu siku ile ananiita mama, maana wake alishatangulia. Kila msimu ananiletea korosho na makopa ya muhogo. Nilipofanyiwa operesheni ya jicho ndiye aliyelala chini pembeni ya kitanda changu, wanangu wa kuzaa walipiga simu wakanipa pole. Sare za binti yake tunashona pamoja, kwa cherehani ileile. Nilijaribu nisimpende nikashindwa. Akiondoka huwa nafunga mlango nalia, na sijui nalilia kipi.

Sasa Jumamosi amenipigia. Chama cha korosho cha kijijini kwao kinamkata kila msimu mchango ambao yeye hakuukubali, na ili wauache wanataka barua. "Majirani zako wameniambia wewe ndiye ulikuwa mwandishi wa mtaa," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Nakuja Ijumaa, mama. Karatasi nakuja nayo."

Nimejaribu kubadili mwandiko, mkono unakataa. Msinishauri nimpeleke kwa wachapaji, hilo nimeshaliwaza, atasema anataka mkono wa mama yake. Nikisingizia jicho nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, na yeye aendelee kukatwa. Nikishika kalamu, mstari wa kwanza tu ataujua, amekaa na mwandiko huo zaidi ya miaka ishirini. Na nikimwambia kabla hajakaa, huenda ikawa ndiyo mara ya mwisho kuitwa mama na mtu anayekuja kweli.

Kama nilijua kuna mtoto, sikujua. Hilo naweza kuapa. Lakini niliuliza mara moja tu, na moyoni nilikuwa naiona cherehani.

Ndugu zangu, leo ni Jumanne. Nimwambie, au nimwandikie aone mwenyewe? Mwenye neno anipe kabla ya Ijumaa.