Soneti Iliyohamisha Darasa

Mkuu wetu wa shule, pale Mkolani, aliniambia bila kupepesa macho: "Kesho nakuja kukaa darasani kwako. Nisipoona faida, Kifaransa nakitoa kwenye ratiba." Yeye ni mtu wa hesabu. Faida! Utadhani nauza dagaa. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Na somo lenyewe lilikuwa soneti, shairi la mistari kumi na minne. Kila mstari una mizani kumi na mbili, na ukifika ya sita unavuta pumzi. Wanafunzi wangu walihesabu mizani vizuri tu, ila nikiwauliza shairi linageukia wapi, yaani wazo linabadilika wapi, wanabahatisha tu. Jamani, nilitamani kulia.

Nikiwa nasonga ugali ndipo nikakumbuka ngoma za mashindano kule Bujora. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanahamia upande unaowanogea. Wenye watu wengi ndio washindi.

Asubuhi nikasukuma madawati. "Dirishani ni kwa mume wa kwenye shairi, mlangoni ni kwa mkewe. Mimi nasoma na kutafsiri. Anayewavuta, mfuateni."

Mkuu akasimama dirishani, mikono kifuani.

Shairi ni la mume aliyeachwa. Katika beti mbili za mwanzo, za mistari minne minne, anamlaumu mkewe, na vina ni vilevile viwili, vinarudi na kurudi kama mtu anayenung'unika. Darasa zima likajaa dirishani. "Mwanamke gani huyu!" binti mmoja akafoka.

Mstari wa tisa, vina vikabadilika, na beti zikawa za mistari mitatu. Mume anakumbuka usiku wa mvua, mtu anagonga, na mlango haufunguliwi.

"He! Anajichongea huyu," akasema yule binti, akahamia mlangoni. Wakamfuata wawili, kisha kundi zima. Nilisoma huku nacheka.

"Haya, shairi limegeukia wapi?"

"Hapo hapo, Mwalimu, vina vilipobadilika!"

Nilifurahi sana, lakini Mkuu hakusogea. Alibaki peke yake upande wa mume, na ratiba ni yake. Nikasoma mstari wa mwisho: aliyegonga ni mke, na mume alikuwa ndani, macho wazi, amenyamaza.

Mkuu akashusha mikono. Akavuka darasa taratibu, akasimama mlangoni katikati ya wanafunzi.

"Huyu bwana hafai kabisa," akasema. Akanigeukia. "Jumatatu mnasoma lipi?"

Nilipiga vigelegele humo humo darasani, mbele yake.